Mkono wa Kulia wa Sweta

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mfumaji, na jengo zima linamwita Bi Sufu. Jina hilo alipewa na mtunza jengo, siku donge lake la uzi lilipomponyoka na kuteremka ngazi kutoka ghorofa ya nne hadi mlango wa chini. Mtunza jengo alipanda akiukunja uzi ule hatua kwa hatua, na alipofika juu akihema, akamwambia, “Bi Sufu, ukitaka kuvua samaki tafuta mto. Mimi nina mke.” Jina likanata tangu siku hiyo.

Huu ni mwaka wa ishirini na sita tangu aje nchi hii. Alianza katika karakana ya masweta, akikagua nguo zinazotoka mashineni, na karakana ilipofungwa akahamia duka la dobi karibu na kituo cha basi. Kazi yake pale ni kuziba matundu ya nondo na kurudishia viwiko vilivyolika. Ukimpa nguo ya kufuma iliyotoboka, ataigeuza ndani nje, aipitishe mwangani, kisha akwambie kama aliyeivaa huegemea mkono wa kushoto anapofikiri. Mara nyingi hakosei.

Ana maoni yake kuhusu kila kitu. Sweta ya mashine, anasema, ni kama salamu ya mtu anayetazama pembeni. Kifungo cha plastiki kwenye nguo ya sufu ni utovu wa adabu. Hapendi watu wanaofuma huku wakitazama televisheni, ingawa yeye mwenyewe hufuma huku akisikiliza utabiri wa hali ya hewa, na si wa mji huu. Kila asubuhi, kabla hajafungua pazia ajue kama hapa kuna mvua, husikiliza kwanza kama kwao kuna mvua. Nilimwuliza inamsaidia nini. Akasema inamsaidia kujua nguo za kuanika.

“Nguo za nani?” nikamwuliza.

“Mwalimu, wewe hata ukipiga chafya unataka sababu.”

Ana pia mazoea ambayo sijayaona kwa mtu mwingine. Huokota glavu zilizopotea njiani, zile zinazodondoka mojamoja kutoka mifukoni mwa watu, huzifua, hutafuta uzi wa rangi inayokaribiana, kisha hufuma pacha wake. Jozi ikikamilika huibana kwa kibanio cha nguo kwenye uzio wa kituo cha basi. Nimeona watu wazima wakisimama pale na kutazama mikono yao. Kwa miaka kumi na moja niliyokaa karibu naye, amekamilisha vitu vya watu asiowajua zaidi ya mia.

Nilimheshimu kwa hilo, na bado namheshimu. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakukikamilisha, na hicho ndicho cha damu yake.

Dada yake mkubwa alibaki kwao akimtunza mama yao, na baada ya mama kuzikwa akabaki na nyumba na binti mmoja. Miaka mitatu iliyopita dada huyo aliugua. Wakati huo alikuwa akimfumia binti yake sweta ya rangi ya majivu. Alikuwa amemaliza mgongo, kifua na mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umefika vidole vinne juu ya kifundo cha mkono, nguvu zilipomwishia. Alimpigia Bi Sufu simu. Hakuomba dawa wala kitu kingine chochote. Aliomba mdogo wake aje amalizie mkono, wakae pamoja. Bi Sufu akasema atakuja mwezi ujao. Mwezi ulipofika akasema tena mwezi ujao. Mara ya tatu, siku ya Alhamisi, alipigiwa na jirani wa kule aliyemwambia waziwazi kwamba asipokuja sasa asije tena. Dada alifariki Jumatatu. Bi Sufu hakwenda hata mazikoni, na binti alipopiga, akamwambia simu ya Alhamisi haikuingia, mtandao ulikuwa mbovu.

Haya aliniambia mwenyewe baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba kimekuja kifurushi alichokifunga dada kabla hajafa, ndani yake sweta isiyo na mkono mmoja, vitanzi vikiwa bado kwenye sindano, na juu yake imebandikwa karatasi ya binti: “Mama mdogo, mama alisema utamalizia wewe.” Bi Sufu alikifunga tena na kukiweka kabatini, chini ya mashuka.

Kisha sauti ikaanza.

Sindano za dada hazikuwa jozi. Moja ilikuwa ya chuma na nyingine ya mti, kwa sababu mwenzake wa chuma alipotea zamani, na dada hakuona haja ya kutupa sindano nzima kwa ajili ya iliyopotea. Zikigongana hutoa sauti mbili tofauti, ti na to, ti na to. Bi Sufu aliisikia kabatini, mchana kweupe, saa kumi, saa ambayo dada alikuwa akiketi kufuma baada ya kazi za nyumba. Aliniita. Nikasikia. Ukuta wa kabati lake ndio ukuta wa sebule yangu, na ndani yake linapita bomba la maji ya moto ya kupasha nyumba joto. Nikamwambia ni bomba linatanuka kwa joto. Mimi si mtu wa kuamini mambo ya mizimu, na nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma.

“Bomba,” akasema. “Sawa, Mwalimu. Bomba linajua saa.”

Miaka mitatu ikapita hivyo. Halafu binti akaandika kwamba amepata kazi nchi nyingine na njiani atapitia hapa Jumapili, saa chache tu, kati ya safari na safari. Atakuja kuchukua sweta ya mama yake.

Zilibaki siku tisa. Bi Sufu alitoa kifurushi, akakaa dirishani, akaanza kufuma. Siku ya tatu aliniita tena, na safari hii uso wake ulikuwa umepauka.

Lazima nieleze jambo la kazi yao. Mtu anayefuma kwa kawaida huchoma sindano mbele ya kitanzi. Mama yao aliwafundisha wote wawili kuchoma nyuma, hivyo kila kitanzi hujisokota kama mtu aliyekunja miguu, na nguo hutoka ngumu kidogo, imebana. Bi Sufu alipofika karakana ya ugenini, msimamizi alimwonyesha kwamba hilo ni kosa. Akajirekebisha. Kisha akamwandikia dada yake barua, akamwambia wamekuwa wakifuma vibaya maisha yao yote. Jibu lilikuwa la mstari mmoja, na analijua kwa moyo: “Mimi nitaendelea hivihivi, ili mmoja wetu ajulikane kuwa ni mtoto wa mama.”

Sasa alinionyesha mkono wa kulia. Alikuwa amefuma safu ishirini kwa namna yake, kwa usahihi. Alikwenda jikoni kuchemsha chai, aliporudi akazikuta safu zote zimesokotwa. Akafumua. Akafuma tena, ikawa vilevile. Mara tatu.

“Kuna mtu anafuma baada yangu,” akasema.

Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, nikamwambia afume na aendelee kuzungumza, nimtazame. Alifuma. Tulipozungumza habari za dobi na mteja aliyeleta kofia iliyotafunwa na mbwa, sindano ilipita mbele ya kitanzi, safi. Kisha nikamwuliza dada yake alikuwa mtu wa namna gani. Akaanza kueleza jinsi alivyocheka bila kutoa sauti, mabega tu yakitikisika, na hapo nikaona mkono wake ukigeuka. Sindano ikaanza kupita nyuma. Hakutazama. Alifuma safu nzima hivyo, kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake, ti na to, ti na to.

“Ni wewe,” nikamwambia. “Tazama.”

Alitazama vidole vyake kama mtu anayetazama vya mwingine. Hakufumua tena. Jioni hiyo ndipo aliponieleza habari za Alhamisi, na mimi sikumpunguzia. Nilimwambia kwamba kumnyima mgonjwa safari moja ni dhambi, na kumdanganya yatima ni dhambi ya pili, na kwamba ya kwanza imeshapita lakini ya pili anaitenda upya kila siku binti anapoamka akiamini uongo ule. Alinisikiliza. Akasema Jumapili atamwambia.

Binti alifika saa tano asubuhi na begi moja mgongoni. Ni msichana mrefu, wa maneno machache. Bi Sufu aliniomba nikae, nadhani ili asiweze kukimbia. Sweta ilikuwa imekamilika, imefuliwa, imenyooshwa juu ya taulo. Binti aliivaa, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, akalinganisha. Alipitisha kidole kwenye mkono wa kushoto, kisha wa kulia, safu kwa safu. Macho yakamjaa machozi.

“Kumbe aliumaliza mwenyewe,” akasema. “Alikifunga kifurushi mwenyewe, sikuona ndani. Mimi nilidhani hakuuwahi. Mama mdogo, kumbe aliumaliza.”

Sijaona mlango wa uongo ukifunguliwa kwa upole namna ile. Bi Sufu hakuhitaji kusema neno. Angenyamaza tu, binti angeondoka na furaha ambayo hakuna mtu angemnyang’anya, na yeye angebaki na siri yake. Niliona midomo ya Bi Sufu ikicheza. Nilikohoa. Sijui kama alinisikia.

“Mkono wa kulia ni wangu,” akasema. “Niliumaliza juzi. Na simu iliingia, mwanangu. Alhamisi. Niliipokea mwenyewe.”

Binti hakulia. Akamwuliza kitu kimoja tu: ni nini kilimzuia. Bi Sufu akasema aliogopa kuingia nyumba ile na kuulizwa kwa nini hakurudi mapema, na kila mwezi aliochelewa ulimzidishia sababu ya kuogopa. Halikuwa jibu zuri. Lilikuwa la kweli.

Binti akaivua sweta. Akaikunja, akaiweka magotini mwa mama yake mdogo.

“Fumua huu mkono,” akasema. “Nenda ukaufume nyumbani kwetu, kule alikokuomba. Ufunguo uko kwa yule jirani aliyekupigia. Ukimaliza, nitakuja kuuchukua.”

Aliondoka bila chai. Bi Sufu aliufumua mkono ule mchana huohuo, hadi pale dada yake alipoishia. Uzi uliofumuliwa ulibaki na mikunjo, mamia ya mikunjo midogo, na ulijikusanya mapajani mwake kama nywele. Akaniambia kwamba atakwenda mwezi ujao. Nikamwambia kwamba neno hilo asilitamke tena mbele yangu. Alikwenda Ijumaa. Alichukua sindano zote mbili.

Amepiga simu mara moja tangu wakati huo. Anakaa kwenye kiti cha dada yake, mkono umefika kiwiko, na anachoma nyuma ya kitanzi kwa makusudi. Binti humpigia kila Jumapili, maneno machache, huuliza umefika wapi. Asubuhi, akasema, siku hizi anafungua dirisha tu akaona mvua yenyewe. Kisha sauti yake ikawa ndogo.

“Mwalimu. Saa kumi, ukutani kwako. Bado inasikika?”

Ningeweza kumfariji kwa kusema kwamba sauti imekoma. Bomba lilizimwa tangu msimu wa joto ulipoanza, chumba chake kimefungwa, na ufunguo ninao mimi. Lakini nilikuwa nimemhubiria mwenzangu ukweli hadi akamvunja moyo mtoto wa dada yake, na sikuwa na haki ya kumdanganya.

“Bado,” nikamwambia. “Hata leo.”

Nilisikia sindano zikisimama kule aliko.

“Basi ngoja niendelee,” akasema, na akakata.