Amplifaya Iliyomsema Mama

Katika miaka ya themanini nilikuwa na kiburi cha masikio. Wenzangu walijivunia viatu na baiskeli. Mimi nilijivunia kwamba ukiniwashia amplifaya nami nimeipa mgongo, nitakwambia tabia yake kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Nilifanya kazi katika duka la redio mjini Malindi. Wazungu waliokuwa na nyumba ufuoni walipohama, walituuzia vyombo vyao, na ndivyo zilivyotufikia amplifaya za fahari ambazo sisi wenyewe tusingethubutu kuziagiza. Zilikuwa nzito kama mfuko wa saruji, zenye mbavu za mbao na vifundo vya chuma vilivyozunguka taratibu.

Wateja wengi waliuliza swali moja tu: "Yapiga?" Walimaanisha besi, ile ya kutikisa vikombe kabatini. Niliwadharau kimoyomoyo. Hata debe lina besi. Mimi nilitafuta sauti ya mtu. Amplifaya moja humtia mwimbaji mafua, nyingine humfungia ndani ya kopo, nyingine humlainisha mpaka hujui kama ana meno. Na hayo huwezi kuyapima kwa mwimbaji usiyemjua. Lazima sauti uwe umeizoea bila waya wala spika.

Sauti niliyoijua hivyo ilikuwa moja tu, ya mama yangu.

Mama hakuwa mwimbaji wa kukodiwa. Aliimba kwetu Mambrui, katika shughuli za wanawake, uani, mlango umefungwa. Nilipobaleghe nilitolewa nje kama wanaume wengine, nikawa namsikiliza nyuma ya ukuta. Shangazi yangu aliwahi kumrekodi katika harusi moja, na kaseti ile mama akaiweka sandukuni, chini ya leso zake. Nikaitoa bila kumwambia. Nilijidanganya kwamba naiazima.

Kaseti hiyo ndiyo ikawa mizani yangu. Mama alipiga makofi huku amevaa bangili, kwa hiyo kila kofi lilifuatwa na mlio mdogo. Sauti yake ilikwaruza kidogo akipanda juu. Na kabla ya kila ubeti alivuta pumzi ya haraka, kama mtu aliyeshtuliwa. Amplifaya iliyonipa bangili, mkwaruzo na pumzi, niliipa heshima yake. Kaseti niliisikiliza peke yangu, duka limefungwa, na hata tajiri wangu, mwenye duka, hakujua.

Siku moja akaja mzee kutoka Tezo, mwalimu mstaafu mwenye mikorosho yake, mpenzi wa nyimbo za kwaya. Alikuwa achague moja kati ya amplifaya mbili. Ya kwanza ilikuwa tamu, kila kitu kilipita ndani yake kikatoka kimepigwa pasi. Ya pili ilikuwa haina adabu, ilitoa kila ilichopewa. Nikamwekea kwaya yake kwenye zote mbili.

"Mwanangu, mimi sisikii tofauti," akasema. "Zote zaimba."

Hapo kiburi kikanipanda. Nikamwambia, "Mzee, watu arobaini wakiimba pamoja, hata mashine mbovu hujificha. Hebu sikiliza mtu mmoja." Nikatia kaseti ya mama kwenye ile ya pili, nikafungua sauti. Nilikusudia kumwekea na kwenye ya kwanza baadaye. Mlango ulikuwa wazi, na barazani walikaa wanaume sita saba wakinywa kahawa.

Wakanyamaza wote. Nikafurahi, nikidhani wanaistaajabia mashine. Kisha jirani yetu wa Mambrui, muuza halua aliyekuja mjini na sinia zake, akaingiza kichwa dukani. "We kijana, huyu si mamako?"

Nikaizima, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Yule mzee akasema atarudi akishavuna korosho, akaondoka na kwaya yake.

Habari ilivuka Mto Sabaki kabla yangu. Ijumaa nilipofika nyumbani nikatoa shikamoo, mama akaitikia marahaba kama anayemjibu mpita njia. Akaniandalia wali na samaki wa kupaka, akangoja mpaka nikamaliza kula.

"Umenivua buibui barabarani," akasema.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa najaribu mashine tu."

"Mashine ni yenu. Sauti ilikuwa yangu." Akakusanya sahani. "Siimbi tena."

Hakuwa akitania. Harusi mbili zikapita Mambrui, wanawake wakajaa uani, na mama yuko nyumbani achambua mchele. Binti wa shangazi naye alikuwa aolewe baada ya mfungo. Shangazi akaja kumbembeleza, asipate kitu. Wanawake walinitazama kama niliyefukia kisima. Niliona haya, na zaidi ya haya niliogopa. Kitu nilichokipenda kuliko vyote nimekiua mwenyewe, kwa kutaka kumwonyesha mzee wa watu kwamba nina masikio.

Siku chache kabla ya mfungo, adhuhuri, maduka yakifungwa, mama akatokea na shangazi. Alikuwa hajawahi kukanyaga pale dukani.

"Funga mlango," akaniambia. "Nataka kusikia walichosikia wao."

Nikampa kiti. Amplifaya zote mbili zilikuwa bado zamngoja mzee wa Tezo. Nikaanza na ile tamu. Mama akasikiliza beti mbili, kichwa ameinamisha.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mama."

"Si mimi. Hii yanipaka wanja. Bangili zangu ziko wapi?"

Nikahamisha waya kwenye ya pili. Ikatoka pumzi kwanza, kisha kofi, kisha bangili. Shangazi akaguta. Mama akajishika kifua, machozi yakamlenga, na papo hapo akatabasamu.

"Hii yanisema," akasema. "Makwaruzo yangu yote yamo."

Miaka yote ile nilitafuta maneno ya kueleza tofauti ya mashine mbili, na mama akayapata kwa dakika tano.

Kisha akanitazama. "Ni ipi waliyoisikia wale wanaume?"

Shangazi alinikazia macho nyuma yake.

"Ya kwanza," nikasema.

Mama akarekebisha buibui lake. "Basi hawakunisikia mimi. Walisikia mwanamke mwingine." Akanyoosha mkono, nikampa kaseti yake.

Baada ya mfungo aliimba katika harusi ya binti wa shangazi. Nilisimama nyuma ya ukuta kama zamani, na niliposikia kofi la kwanza nililia, sioni aibu kusema.

Mzee wa Tezo aliichukua ile tamu, akaipenda mpaka mwisho. Ya pili nikaichukua mimi. Imo chumbani mwangu hadi leo, vifundo vimeliwa na chumvi. Na uongo wangu nikauhifadhi pamoja nayo. Ulinichoma, lakini kila nilipomsikia mama akiimba nilijiambia umefanya kazi yake, na kwamba hakuna aujuaye ila mimi.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliniita kitandani, akanipa kaseti ile imefungwa kwa leso.

"Nikishaondoka, isikilize. Peke yako, na mlango uufunge."

"Inshallah, mama."

"Na uitie kwenye ile waliyonisikia kwayo wale wanaume. Ile ya pili."

Sikuweza kunyanyua macho.

"Muuza halua alikuwa ameshamwambia mkewe kwamba alinijua kwa pumzi," akasema polepole. "Ile ya kwanza haikuwa na pumzi. Nilijua palepale, mwanangu. Lakini nilikuwa nataka kuimba."