Medali ya Saba

"Vua hizo medali, kaka! Watu wanakuja kumposa Maram, wakiona ukomunisti wako watakimbia kama wale wa mwanzo!"

"Sivui, Ghaniya. Nilipewa na madola, sikuziokota sokoni."

Tangu alipokuwa kiongozi wa wakomunisti kule Unguja mpaka uzee huu wa Nizwa, Omani, kila asubuhi kaka mtu huzisugua kwa ndimu na majivu, akazipachika zote saba kifuani. Zikigongana, Ghaniya huapa kwamba mbuzi wa mnada wa Ijumaa husimama wima wakidhani ni wimbo wa taifa. Na nchi zilizompa zimekufa zote; haikubaki hata moja ya kumletea rambirambi.

"Maram mjukuu wako, kaka. Utamwoza medali?"

Mzee akaanza kufungua pini, moja moja, mpaka sita zikaingia chini ya sinia la halua. Ya saba ilimgomea. Ghaniya akainama kumsaidia, akaikuta kanzu imeloa machozi.

"Kaka, basi, hii moja..."

"Asalaam alaykum!" Baba wa mposaji alikwishaingia. Mzee akaweka kiganja kifuani, juu ya ile ya saba, kama wasalimianavyo watu wa huku, na hakukiondoa.