Kiwambo cha bunduki, mke wangu, na karatasi ambayo hakuna ofisi Johannesburg inayoitoa

Wakuu,

Nilimwahidi mke wangu, Neema, kwamba sitaingiza ndani ya nyumba yetu kitu chochote cha bunduki ambacho serikali haijakiandikia karatasi. Niliitamka neno kwa neno, nimesimama, kwa sababu ndivyo alivyotaka itamkwe.

Ahadi hiyo ilinifikisha kituo cha polisi nikiwa sina kosa, nikiwaomba wanitafutie sheria ya kunibana.

Nawasalimu nyote, wa nyumbani na tuliotawanyika. Haya yamenipata mwenyewe, na sikuyatia chumvi. Yalikuja nayo.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mkenya, naishi Randburg kwa ukaazi wa kudumu. Nimesomea sayansi ya mazingira, na kazi yangu ni kukagua miradi ya ujenzi kabla haijaharibu mito. Sinywi, sigombani na watu, na taka zangu nazitenganisha katika mapipa matatu.

Najua mnajiuliza: mtu wa namna hii na bunduki wapi na wapi?

Jibu ni nyama. Nilipokuwa chuoni nilifikia msimamo kwamba anayekula nyama awe tayari kumwona mnyama akifa. Wengi wakifikia msimamo huo huacha nyama. Mimi naipenda nyama, kwa hiyo nikajifunza kuwinda.

Kuna shamba moja kaskazini ambako swala huzidi malisho, na mwenye shamba huruhusu kikundi chetu kuwapunguza wakati wa baridi. Nyama huenda jikoni mwa kanisa letu, ambalo huwapikia watoto wa shule. Naamini kabisa kwamba ni kazi njema, na sitaomba radhi kwa hilo katika uzi huu.

Sasa, bunduki yenyewe.

Kuipata kihalali katika nchi hii ni safari. Unasoma darasani, unafanya mtihani, unalenga shabaha mbele ya mkufunzi, unachukuliwa alama za vidole, unasubiri cheti cha umahiri, halafu unaanza upya kuomba leseni ya bunduki yenyewe. Unafunga sefu ukutani, polisi wanakuja kuitikisa. Wakampigia hata Neema simu kumuuliza kama mume wake ana hasira. Aliwajibu kwamba ninazo, hasa nikiona mtu anatupa betri pamoja na maganda ya viazi.

Nilifurahia kila hatua. Nasema kweli. Nilipenda kuona dola inavyojali.

(Neema naye alifurahia, lakini kwa sababu nyingine. Yeye ni afisa wa uzingatiaji wa kanuni katika benki. Kazi yake ni kurudisha karatasi za watu. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliweka sharti lile akiwa na hakika kwamba urasimu ungenishinda. Haukunishinda. Nadhani hajausamehe.)

Tatizo lilianza sikioni.

Anayelenga kwa mkono wa kulia huelekeza sikio la kushoto mbele, karibu zaidi na mlipuko. Huwa navaa vifunika masikio, lakini porini unavitoa ili usikie mwenzako yuko wapi, na mara nyingine risasi hutoka kabla hujavirudisha. Sikio langu la kushoto likaanza kulia kama jokofu bovu. Mtaalamu wa masikio alinipima, akaniambia bila kunizungusha: kinachopotea hakirudi. Ama niache kuwinda, ama nifunge kiwambo cha sauti.

Kiwambo, kwa wasiokijua, ni bomba la chuma linalofungwa mwishoni mwa mtutu ili kupunguza kishindo. Katika sinema hutumiwa na wauaji waliovaa glavu. Katika mashamba ya huku hutumiwa na wakulima wasiotaka kuwa viziwi.

Neema alikuwa ameona zile sinema tu. Nilipolitaja jambo hilo, alinikumbusha ahadi, akarudi kwenye kompyuta yake.

Nikaanza kukusanya karatasi.

Hapa niseme kitu kuhusu sisi wageni wa nchi hii. Kila mmoja wetu ana faili la plastiki. Mkongo analo, Mrundi analo, Mtanzania analo, na ukitingisha begi la Mkenya utalisikia. Tumepanga foleni nyingi mno, na tumeambiwa mara nyingi mno "rudi na nakala iliyothibitishwa," kiasi kwamba tukipewa kitu bila kuulizwa hati tunahisi kuna mtego.

Faili langu lilikuwa na kitambulisho, leseni, cheti cha umahiri, uthibitisho wa makazi, barua ya mtaalamu wa masikio, barua ya mchungaji, na picha za pasipoti zenye mandhari nyeupe. Nakala zote zilikuwa na mihuri.

Nikaenda duka moja la bunduki hapa Randburg. Mwenye duka ni mzee wa Kiafrikana ambaye kila mteja anamwita Oom, ndiyo mjomba wa kwao. Aliniuliza kipimo cha risasi na kama mtutu wangu umeshachongwa nyuzi za skrubu za kukifungia. Nilimwambia umechongwa, fundi aliyeufanyia kazi hiyo alikuwa ameiandikisha bunduki yangu kitabuni kwake kabla ya kuigusa, jambo lililonituliza sana.

Oom akaweka kiwambo kaunta. Akaniuliza nalipa kwa kadi au taslimu.

Nikafungua faili.

Alizipitia karatasi zangu moja baada ya nyingine kwa adabu, akafika kwenye picha za pasipoti, akaishika moja.

"Umetoka vizuri," alisema. "Niifanyie nini?"

Nikamwambia ni ya maombi. Akaniuliza maombi ya nini. Nikamwambia ya kibali cha kiwambo. Akaniarifu kwamba hakuna kibali. Bunduki ndiyo inayosajiliwa, hili ni bomba tu, anauza na kutoa risiti. Nikamuuliza ana hakika. Akasema amekuwa akiyauza tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi.

Wakuu, fikirini. Dukani kwa jirani yake, ili nisajiliwe laini ya simu, lazima nitoe kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Yaani nchi hii inataka kujua ninapolala kabla sijamtumia shangazi ujumbe, lakini kiwambo cha bunduki naondoka nacho kama mkate.

Nilikataa kununua. Oom alibaki ananitazama nikitoka, kadi yangu ikiwa bado mkononi mwangu. Sidhani kama aliwahi kukataliwa kwa sababu ya urahisi.

Nikaenda kituo cha polisi, kwenye dirisha la masuala ya silaha. Aliyekuwapo ni sajenti mmoja, mama mtulivu, mwenye kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Nikamweleza. Akajibu vilevile kama Oom: kiwambo hakina fomu.

Nikamwomba basi aniandikie kwamba hakina fomu.

Aliweka kikombe chini. "Bhuti," aliniita, jinsi wanavyomwita kaka huku, "unataka nikuandikie barua kwamba huwa siandiki hiyo barua?"

Nikasema ndiyo, kwa heshima zote.

"Eish," alisema, akaita mwenzake aje asikie. Mwenzake akasikia, akaniuliza kama nimeua mtu. Nikasema hapana, nimeoa.

Hilo wakalielewa. Sajenti akanipa karatasi tupu, akaniambia niandike afidaviti: kwamba mimi fulani, nikiwa na akili timamu, nimefika kituoni kuulizia kibali cha kiwambo, na nimeambiwa hakipo. Nikaapa. Akagonga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Niliendesha gari kurudi nyumbani nikiwa mtu mwenye amani. Kwenye kila roboti nyekundu, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani huku, nilikuwa nautazama ule muhuri.

Neema aliisoma afidaviti amesimama, kalamu mkononi, kama anavyosoma za benki.

"Hili ni neno lako lenye muhuri," alisema. "Serikali hapa imethibitisha kwamba unaweza kuongea."

Akanirudishia.

Alikuwa sahihi. Lakini safari ya shambani ilikuwa inakaribia na sikio lilikuwa linalia. Nilirudi kwa Oom nikakinunua kiwambo, risiti ikaingia kwenye faili, na nikabaki na kitu halali kabisa ambacho hakina pa kulala.

Ndipo nilipomwendea Papa Mukendi.

Papa Mukendi ni fundi cherehani wa Lubumbashi, ana duka dogo Kensington. Ndiye aliyenishonea mfuko wa turubai wa bunduki. Nilimweleza shida yangu yote, hadi ahadi, hadi afidaviti. Alicheka mpaka akatoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Mwana, ile kintu acha apa kwangu," alisema. "Apa hakuna mutu anauliza karatasi. Banauliza tu nguo yabo itaisha lini."

Nikamwachia. Nyumbani nikamwambia Neema ukweli: nimekinunua, kiko kwa rafiki, hakitavuka mlango wetu. Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza rafiki gani.

Papa Mukendi hakukifungia kabatini kama nilivyodhani. Nilipopita siku nyingine nilikikuta kimesimama juu ya meza, kinakandamiza kitenge ili kisiteleze wakati anakata. Alikisifu sana. Sikupenda, lakini nilikuwa mgeni katika jambo hilo.

Sasa sikilizeni.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yetu kuandaa ibada ya nyumbani. Asubuhi Neema alikwenda kuchukua gauni lake kwa fundi. Mimi nilipewa kazi ya kukaanga mandazi. Watu wakafika, tukaimba, mchungaji akafungua Neno, na mimi nikatoka jikoni na sinia.

Katikati ya meza kulikuwa na ua moja la bandia, jekundu. Limechomekwa ndani ya kiwambo changu.

Sinia halikuanguka. Nashukuru.

Nilikaa. Somo la siku lilihusu kuishi bila kificho. Sikumbuki hata mstari mmoja; nilikuwa natazama lile ua. Nilijiambia kwamba Papa Mukendi amempa Neema bila kufikiri, kwamba Neema hajui ni nini, kwamba mke wangu, mtu anayerudisha mikopo ya mamilioni kwa sababu ya sahihi iliyopinda, amewapokea wageni wa Bwana kwa kifaa cha bunduki. Na aibu ile ilitoka kwangu.

Mchungaji akakiinua ili kupisha birika la chai. Akakipima mkononi.

"Neema, hiki kizuri," alisema. "Kizito. Kanisani tungepata viwili, kimoja kila upande wa mimbari. Mmekitoa wapi?"

"Muulize mwenye nyumba," Neema akajibu, anamimina chai. "Yeye ndiye anayejua duka."

Wote wakanigeukia.

Nikasema Randburg. Sikusema uongo, wakuu. Nilisema Randburg, nikagawa mandazi.

Wageni walipoondoka nilimfuata Neema jikoni. Alikuwa anaosha vikombe, mimi nikachukua kitambaa cha kufutia, yeye akiwa kushoto kwangu. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nikamwambia kile si chombo cha maua.

Niliona midomo yake ikisogea. Maji ya bomba yalikuwa yanaanguka, na sikio lile lilikuwa linalia kama kawaida yake. Nikageuza kichwa kumpa sikio zima.

Akafunga bomba.

"Umeona?" alisema. "Ndivyo tunavyoishi siku hizi. Naongea na wewe mpaka nakuzunguka."

Halafu akarudia alichokuwa amesema: kwamba anajua. Papa Mukendi alimwambia kabla hata hajauliza. Alimwonyesha kitu, akamwonyesha namna kinavyofungwa, akamsimulia na habari ya sajenti, wakacheka pamoja hadi gauni likasahaulika. Neema akakiomba, akakitia mkobani.

Nikamuuliza kwa nini, wakati sharti lilikuwa lake.

"Wewe uliahidi kwamba hutakiingiza," alisema. "Mimi sijamwahidi mtu."

Nikamuuliza na ua je. Alisema alitaka kuona nitakaa kimya muda gani. Kwa maoni yake nimejitahidi, ila ile "Randburg" ataikumbuka.

Nikanyoosha mkono nikichukue. Akakisogeza. Kimeingia kwa mkono wake, kwa hiyo ni chake. Nikikihitaji, nitamwandikia maombi: sababu, tarehe ya kwenda na kurudi, na saini za mashahidi wawili ambao si wawindaji.

Mafunzo, kwa wanaofikiria njia hii. Kwa ninavyoelewa, huku bunduki ndiyo yenye leseni, kiwambo hakina. Hata hivyo ulizeni kituo chenu, sheria hubadilika, na msithubutu kusafiri nacho kurudi nyumbani, ambako mambo ni tofauti kabisa. Tunzeni risiti. Pimeni masikio mapema. Na kama umeoa, ahadi yako isomwe na mtu mwingine kabla hujaitamka.

Maombi yangu ya kwanza nimeyawasilisha. Yamerudi jana na wino mwekundu: "Sababu haijitoshelezi. Shahidi wa pili ni fundi cherehani aliyehusika."

Tunaondoka kwenda shambani wiki ijayo.

Mwenye kujua kumwandikia mke ombi rasmi likapita, naomba aniwekee nakala yake hapa chini.