Kilichoonekana Mara Moja

Kazi yangu ya kwanza ya kisomi ilikuwa kufuta. Profesa aliyenisimamia alinipa orodha ya nukta zilizoonekana kwenye picha za anga, kila moja na nambari yake, pamoja na penseli nyekundu, akaniambia nitafute sababu ya kukata kila moja. Nukta itakayozishinda sababu zangu zote, alisema, huenda ikawa galaksi mojawapo ya zile za mwanzo kabisa. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nilikuwa msichana wa mtaa wa Buyenzi mwenye hasira za karibu, na kukata vitu bila kugombana na mtu kulinifaa sana.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita. Walimu wengi walishaondoka Bujumbura. Huyu alibaki, akaishi peke yake mtaa wa Ngagara katika nyumba iliyozoea watu sita, mke na watoto wakiwa Ulaya. Picha hatukupiga sisi. Zilipigwa na darubini inayozunguka juu ya dunia, zikaachwa wazi kwa yeyote anayezitaka, na rafiki yake wa zamani alikuwa akimtumia sidii zenye picha hizo kwa mkono wa wasafiri. Tulikuwa na kompyuta moja na umeme wa kubahatisha. Ukiwepo tulifanya kazi kwenye kioo. Ukikatika tulihamia kwenye karatasi zilizochapwa, karibu na dirisha. Ikifika saa tisa nilianza kuutazama mlango, maana bisi za kurudi mjini hazikungoja amri ya kutotoka nje ifike.

Profesa alinieleza jambo lenyewe siku ya kwanza, taratibu, kama mtu anayeonyesha njia ya kwake. Zamani sana, baada ya ulimwengu kuanza, kila mahali palijaa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ilikuwa ikiimeza nuru. Kisha galaksi za kwanza zikawaka. Ukali wa nuru yao ukaivunja ile gesi chembe kwa chembe, mpaka anga likawa jeupe, nuru ikapita. Alitaka kujua hilo lilitokea lini, na kama galaksi hizo zilitosha kwa kazi kubwa namna ile. Ila kwanza lazima uzipate. Ukipiga picha kipande kilekile cha anga kwa rangi mbalimbali, galaksi ya namna hiyo haimo kwenye ya buluu, haimo kwenye ya kijani, halafu imo kwenye nyekundu ya mwisho kabisa. Rangi nyingine zimemezwa njiani.

Taabu ni kwamba uchafu nao hufanya hivyohivyo. Chembe moja ya angani ikigonga kamera, inaacha nukta nzuri ya kupendeza kwenye picha moja, na kwingine kote hakuna kitu. Kwa hiyo alikuwa na kanuni, aliyoiandika kwa chaki pembeni mwa ubao na asiifute mwaka mzima: kilichoonekana mara moja hakihesabiwi. Sharti kionekane tena kwenye picha ya pili, ile ya rangi iliyovuka wekundu ambayo jicho la mtu haliioni. Bila hivyo, penseli.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na wifi yangu, mke wa kaka. Kaka alikuwa makanika. Wakati wa embargo, nchi jirani zilipotuwekea vikwazo na vipuri vikaadimika mjini, alipanda lori kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka, kuvitafuta, kwenye barabara ambayo mchana mmoja tu mbaya ulitosha kummaliza mtu. Lori halikurudi, na wala yeye. Wifi alikuwa ameolewa miezi saba. Baada ya hapo habari tuliyopata ilikuwa moja tu. Mchuuzi mmoja wa ndagala, dagaa wa ziwani, alipita mtaani akasema amemwona kaka kwenye soko la Uvira. Tulipomkazia maswali, akakiri kwamba alimwona kwa nyuma. Mchuuzi huyo hatukumwona tena, lakini mama aliishi kwa mgongo huo miaka kadhaa.

Kila Alhamisi wifi aliifua ovaroli ya kaka, ile ya zamani yenye madoa ya mafuta yasiyotoka, akaianika, jioni akaikunja. Miaka minne ilipotimia, wazazi wake walikwenda kwa shehe. Shehe wetu alifuata kauli ya miaka minne: mke wa mtu aliyepotea akishangoja muda huo, mumewe anahesabiwa amekufa, mke anakaa eda, kisha yuko huru. Kulikuwa pia na fundi cherehani, mwanamume aliyefiwa na mkewe, mpole, aliyekwisha kupeleka neno kwa baba yake. Wifi alikuwa na miaka ishirini na mitano. Kila mtu mtaani aliona ni jambo la haki, isipokuwa mama, ambaye aliacha kula.

Siku ya kikao shehe alikuja nyumbani alasiri, wakakaa sebuleni na wazazi wa wifi. Wifi mwenyewe alikaa karibu na mlango. Mama alikuwa mkekani, uso umemwingia ndani, siku ya nne hakuwa ameweka kitu kinywani zaidi ya chai. Shehe alieleza kwamba yule mchuuzi hatoshi: ni mtu mmoja, tena aliona mgongo. Nilifikiri moyoni kwamba yeye na profesa wangeelewana sana. Kisha akauliza, kwa utaratibu wa kuuliza tu, kama kuna mwingine mwenye habari za huyu mtu.

Nilimtazama mama. Bado sijui ni nini kilichonifungua mdomo, ila sauti nilisikia ni yangu.

"Iko mwanafunzi moja wa Uvira kule chuo," nilisema. "Alimuona, wakaongea. Alimutuma: ambia mama niko salama."

Mimi, mwenye penseli nyekundu, niliyekuwa nikijisifu kwamba nukta hainipiti. Shehe aliniuliza kama mwanafunzi huyo anaaminika, nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini sikusema mapema, nikasema nimeambiwa juzi tu. Basi, akasema, watu wawili wamemwona, wa pili uso kwa uso. Mtu yu hai, na mke wa mtu aliye hai haolewi. Baba wa wifi aliinamisha kichwa. Mama akaomba uji. Nilikwenda jikoni kumpikia, na wifi alikuwa huko tayari, akiosha gilasi ambazo zilikuwa safi. Sikumwangalia usoni.

Nilijiambia nimemwokoa mama, na kweli mama alipona. Nilijiambia nitaurekebisha uongo huo taratibu, mwezi ujao, mama akishapata nguvu. Mwezi ujao ukawa mwaka, ukawa miwili. Fundi cherehani alioa kwingine. Wifi akawa anafua ile ovaroli kila Alhamisi, ila sasa hakuikunja vizuri, aliitupa kitini. Alikonda. Alianza kuninyima maneno hata ya kawaida, mimi na mama vilevile, nikadhani ni hasira ya kufungwa. Niliona anastahili kukasirika, na nikazidi kukawia chuoni kuliko ilivyolazimu.

Kwenye orodha ya profesa ilikuwepo nambari kumi na saba. Nukta hiyo alikuwa ameiona mwenyewe, kabla yangu. Haikuwemo kwenye buluu, haikuwemo kwenye kijani, na kwenye nyekundu ya mwisho ilikaa kama punje ya mtama. Ilisubiri picha ya pili tu. Rafiki yake alimwandikia kwamba ikithibitika watachapisha pamoja, na huenda akapatiwa nafasi ya mwaka mmoja huko Ulaya, karibu na watoto wake. Hakunificha jambo hilo. Wiki ile makombora yalipoangukia mtaa wa Musaga, tukakaa wawili sakafuni chini ya dirisha, alinieleza nambari kumi na saba ilivyokaa pembeni mwa galaksi nyingine kubwa, kwa sauti ya mtu anayemsifu mwanawe wa mwisho.

Picha ya pili ilifika asubuhi moja ya mvua, na umeme ulikuwepo. Alinipa mimi niifungue. Yeye alisimama dirishani, akanipa mgongo. Nilitafuta mahali pake, nikapima upya, nikaongeza mwanga mpaka kioo kizima kikawa chenga. Hapakuwa na kitu. Nilimwambia. Aliomba niangalie tena, nikaangalia. Akasema labda ni hafifu mno, labda picha haikuchukuliwa muda wa kutosha. Nilimjibu kwamba jirani zake wote walio hafifu zaidi wapo wanaonekana. Kisha nikachukua penseli, nikaikata mbele yake.

Alisafisha miwani yake kwa ncha ya shati. Kwa kawaida tulizungumza Kifaransa. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili cha mjini.

"Mutu mwingine angenionea huruma, angeiacha," alisema. "Na mi ningeikalia kungoja mpaka lini?"

Aliketi kumwandikia rafiki yake barua. Nilimwomba ruhusa ya kuondoka, ikiwa bado saa tano asubuhi. Bisi ilikuwa tupu. Nilishuka Buyenzi nikijua ninakokwenda, na sikuwa na pa kugeukia tena.

Ilikuwa Alhamisi. Mama alikuwa kwa jirani. Wifi alikuwa uani, ameanua ovaroli kwa ajili ya mvua, ameishika mikononi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, bila kuzungukazunguka: hakuna mwanafunzi wa Uvira. Hakuwahi kuwepo. Niliyabuni yale maneno ili mama ale. Nilijiandaa kwa kofi, na ningelipokea.

Hakunipiga. Aliuliza jambo moja tu, kama yale maneno yote niliyatunga mimi, hata ule ujumbe. Nikasema yote, hata ujumbe. Hapo akakaa chini kwenye kizingiti, ovaroli mapajani, akaanza kulia, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani analilia ile miaka miwili na fundi cherehani wake.

"Ulisema alimutuma kwa mama," akasema. "Mi hakuniulizia. Miaka mbili najua bwana yangu iko muzima, amekumbuka mama yake, na mi hakuniulizia."

Nilipotunga salamu ile nilikuwa namtazama mama peke yake. Yeye aliyekaa mlangoni sikumkumbuka hata kidogo.

Wifi alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli. Aliutandaza ule mkono juu ya goti lake, akaulainisha polepole kwa kiganja, mpaka kwenye pindo.

"Kumbe alikufa tu," alisema. "Basi hakunisahau."

Jioni ileile nilimwambia mama, na kesho yake shehe. Shehe aliirudia hukumu ya miaka minne, hitima ikasomwa Ijumaa iliyofuata, na wifi akaingia eda chumbani kwake, amevaa nguo nyeupe. Miezi minne na siku kumi mama hakunisemesha. Chakula cha wifi nilikipeleka mimi, asubuhi na jioni, na kila mara alikipokea mlangoni akaniambia asante.