Wavu wa Sista

Juzi, mnadani Kasulu, niliona fremu ya shaba yenye wavu, imelazwa kati ya sufuria na baiskeli mbovu. Haikuwa na nakshi, mistari mitupu iliyonyooka. Nikaijua palepale.

Ilikuwa ya sista mmoja Mfaransa, kule Kabanga, ambaye shangazi alimpikia. Mchana mmoja wa mvua, nikiwa mdogo, shangazi aliniacha sebuleni kwa sista peke yangu. Wavu ulisimama mbele ya shimo jeusi ukutani, ukinuka moshi wa zamani. Kanisani nilishaona watu wakipiga magoti kwenye wavu kama ule, padri akiwasikiliza kwa ndani. Basi nami nikapiga magoti.

“Padri, mama alivuka kwenda Burundi kumtafuta baba. Mwambie arudi. Mwambie siku hizi naoga hadi shingoni.”

Upepo ukavuma kwenye bomba la moshi. Nikadhani padri anahema.

Shangazi alikuwa mlangoni, amebeba kuni. Nilijua atacheka. Akaziweka chini, akapiga magoti kando yangu.

“Sema tena, mwana wanje, mwanangu, kwa sauti. Mama yako yuko mbali.”

Mama hakurudi.

“Dada, hicho ni cha kuzuia cheche za moto,” muuzaji wa pale mnadani alinieleza.

“Najua, kaka,” nikamjibu, nikiwa nimeshapiga magoti.