Mapafu Yaliyokataa Kuzima

Kwa miaka ishirini na tisa Mama Nining alikuwa akizitia mionzi chembe nyeupe za damu za watu wa Bandung, Indonesia, na nje ya maabara hakuna aliyemjua kwa hilo. Kazi yenyewe haitaki papara. Unatoa damu ya mgonjwa, unazitenga chembe nyeupe, wale askari wa mwili, unazitia dawa yenye mionzi kidogo, kisha unamrudishia mwenyewe. Zikiwa nzima zinapita mapafuni, zinatulia kwenye wengu na ini, na penye usaha zinajazana hadi kamera izione zikiwaka. Ukiziumiza, zinakwama mapafuni.

Siku ile alikuja Baba Karsa, muuza muhogo wa kuvundika, mwenye nyonga ya chuma iliyomtesa tangu mwaka jana. Ikiwa na usaha, lazima ing'olewe. Ikiwa haina, arudi nyumbani na vidonge vyake.

Mkono wa Mama Nining ulikuwa umeanza kutetemeka tangu Ramadhani. Hakumwambia mtu, aliuficha mfukoni mwa koti. Asubuhi hiyo, ili Yayah wa meza ya pili asiuone, alizisukuma chembe za mzee mbiombio kupitia sindano nyembamba inayoziponda. Alijua amekosea, akajitia hajui.

Baada ya saa nne picha ikatoka. Mapafu yanawaka, nyonga giza.

"Nyonga safi," akasema Daktari Gunadi, msomaji wa picha. "Haya mapafu vipi? Mzee anavuta?"

"Sigara za karafuu, pakiti mbili kwa siku," akadakia Yayah.

"Basi ndiyo hayo. Aende zake."

Uongo mtamu ulioje, na wala hakuutunga yeye! Angenyamaza tu, Desemba angestaafu kwa keki na hotuba. Akasogea mbele ya picha.

"Si sigara, Daktari. Ni mkono wangu. Nimeziumiza mimi."

Akaenda mwenyewe kumwambia Baba Karsa kwamba atatolewa damu tena na kupata mionzi tena, wengu wake ukibeba mzigo mkubwa kuliko viungo vingine, kwa kosa lisilo lake.

"Mama wee, mnanikamua kama ng'ombe!" akasema mzee. "Mke wangu akisikia nawaka, ataniweka kibarazani badala ya taa."

"Sijui nicheke au nilie, Baba."

"Lia kidogo, halafu niletee chai."

Wiki iliyofuata Yayah ndiye aliyeshika mirija. Picha ilipokuja, Mama Nining alitazama mapafu kwanza. Yalikuwa yamezima. Akashusha macho, akaona nyonga inawaka yote. Angenyamaza siku ile, mzee angerudi kwenye muhogo wake na usaha ule ndani.

Akaenda kukaa karibu naye.

"Imeonekana, Baba. Watakutibu."

"Safari hii umefanya wewe?"

"Hapana, Baba. Sifanyi tena."

Akautoa mkono mfukoni, ukitetemeka vilevile, akamshika wake. Mzee aliutazama, kisha akaufunika kwa mkono wake wa pili.