Mguu wangu kwenye mizani ya mahindi

Kosa la wengi wetu, baada ya kukatika kano ya kisigino, ni kudhani kwamba maumivu yakiisha nguvu zimerudi.

Nami nilidhani hivyo hadi leo asubuhi.

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikinyanyua visigino vyote viwili, mara thelathini kila siku, nikijisifu. Nilipanga Jumatatu ijayo nirudi kulima shamba langu la mteremkoni.

Leo nilipeleka mahindi kwenye stoo moja mjini Moi's Bridge, nikapata wazo. Nikaweka mguu ulioumia juu ya mizani ya magunia, na ule mzima juu ya tofali la kimo kilekile. Nikanyanyua visigino.

Nina kilo themanini. Mizani ikasoma kumi na tisa, badala ya arobaini!

Mama Nekesa, mwenye stoo, akacheka: “Ai, Mwalimu! Kumbe mguu mmoja unafanya kazi, mwingine ni mgeni tu?”

Kumbe nimekuwa nikiimarisha mguu ambao haukuumia. Kule mteremkoni kano ingeweza kukatika tena.

Shamba litangoja.

Nani mwingine amejidanganya hivi? Leo, kabla ya zoezi, pima mguu ulioumia unabeba kilo ngapi.